Kushuka na Ruaha: daftari la fundi bomba

Jumapili, Matamba

Nimeamka saa kumi na moja na nusu. Baridi ya Makete imekamata vidole, kalamu haishikiki. Harusi ya binti wa shangazi ilimalizika jana salama, na leo wamebaki waosha masufuria na sisi wageni wa mbali tunaosubiri kufungiwa viazi vya kwenda navyo. Mimi ni fundi bomba, makazi Dodoma. Nauli ya safari hii niliipata mwezi uliopita kwa kufunga pampu mbili, nikajipa na likizo ya wiki. Badala ya kupanda basi moja kwa moja hadi nyumbani nimeamua kushuka taratibu na Mto Ruaha Mkuu, kituo kwa kituo. Wateja huniuliza kila siku maji yanakwenda wapi, nami huwajibu kwa kutikisa kichwa kama mganga aliyeishiwa dawa.

Nilipofungua bomba la uani kwa shangazi ninawe uso, maji yaliruka kutoka kwenye beseni yakanilowesha suruali. Bomba la nusu inchi! Polaipu imefukiwa kina cha kiganja, hakuna simtanki, hakuna pampu, na presha yake ni ya kuoshea lori. Haya ndiyo maji ya mserereko: chanzo kiko juu mlimani, kijiji kiko chini, kazi yote inafanywa na mteremko.

"Shangazi, maji haya hufungwa saa ngapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza jua huzimwa saa ngapi. "Yafungwe na nani, mwanangu?"

Mchana nikachukua bodaboda hadi kwenye uwanda wa Kitulo. Wenye kuutangaza huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake ya mwituni, lakini maua husubiri mvua. Mwezi huu wa kumi ni nyasi, ukungu na upepo. Hifadhi ilianzishwa 2005. Mimi macho yangu yalikuwa chini. Ukikanyaga kwenye bonde lenye nyasi fupi, udongo mweusi unabonyea na maji yanachomoza kandokando ya kiatu, kisha yanarudi ndani ukiinua mguu. Mlima wote ni dodoki. Unakunywa mvua ya masika, halafu unaiachia kidogo kidogo kiangazi kizima. Vijito vya hapa, pamoja na vile vya safu za Uporoto na Kipengere, ndivyo vinavyokwenda kuzaa Ruaha.

Viazi vimelimwa mpaka mdomoni mwa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo. Nilipiga hatua nikahesabu tisa. Mwenye shamba, kaka wa rika langu, hakukasirika nilipomtajia, alicheka. "Mita 60 unaanza kuzihesabu wapi, bwana? Masika kijito kiko pale, kiangazi kiko hapa. Nikizitii zote nitalima barabarani." Akaniongezea viazi viwili vikubwa, kana kwamba kesi imekwisha.

Jioni simu ikaita. Mteja wangu wa Dodoma, mama anayeuza vitumbua mtaa wa chini. "Fundi, bomba langu linakohoa tu. Zamu yetu ya maji ilikuwa jana, nimekesha na ndoo, nimepata upepo. Na mita inazunguka!" Nikamwambia nikirudi nitakuja kuangalia. Mita kusoma upepo ni malalamiko ya kila mtaa wenye mgao, sikulitilia maanani sana.

Jumatatu, Chimala hadi Rujewa

Barabara ya kutoka Matamba kwenda Chimala ina kona 57, na kila kona imewekewa namba yake. Nilikaa nyuma ya pikapu juu ya magunia. Kufikia kona za katikati, sweta limevuliwa. Kufikia za mwisho, shati limeloa jasho. Kutoka juu unaliona bonde la Usangu lote limelala kama jamvi la kahawia, na ndani yake mistari ya kijani iliyonyooka mno isiweze kuwa mito. Ile ni mifereji.

Nilitaka kuona banio, ule ukuta wa kuchepusha maji ya mto yaingie mferejini, na dereva wa bodaboda pale Chimala alijua la karibu. Nimefika, na niseme ukweli, jambo la kwanza lililonijia lilikuwa sifa kwa fundi. Zege safi, limeziba mto kutoka ukingo hadi ukingo, kuta za mawe, geti la chuma la kupandishwa kwa gurudumu la mkono, grisi mbichi kwenye nyuzi. Kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Upande wa mfereji maji yalikuwa yanafika magotini. Nikavuka kwenda upande wa pili, kule mto unakoendelea: mawe makavu, kidimbwi kimoja cha upana wa mkeka, na watoto wawili wanafua soksi.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga geti alinikaribisha kivulini. Shikamoo, marahaba, unatokea wapi, na kadhalika. Nikamuuliza kabla ya zege kulikuwa na nini.

"Kulikuwa na banio letu la kienyeji," akasema. "Tunakata miti, tunapanga mawe, tunaziba na majani na udongo. Kila mwaka mafuriko yanalibeba, kila mwaka tunalijenga upya. Kazi ya kijiji kizima."

"Lilikuwa linavuja?"

"Linavuja! Nusu ya maji yalikuwa yanapita katikati ya mawe. Tulikuwa tunagombana na kuvuja kuliko tunavyogombana na mkulima mwenzetu."

Hapo niliketi vizuri. Kwenye kazi yangu kuvuja ni adui, nalipwa kukuzuia. Lakini kule kuvuja kwa banio la miti ndiko kulikokuwa kunawanywesha wa chini, bila kikao wala barua. Wafadhili walipokuja na miradi ya kuboresha mabanio, waliandika kwamba banio la zege litaokoa maji. Likayaokoa kweli, yote, kwa ajili ya aliye juu. Wataalamu waliofanya utafiti Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 walilisema hili waziwazi: mto unakauka kiangazi kwa sababu ya maji yanayochepushwa kiangazi, na mabanio ya kisasa yameongeza uwezo wa kuchepusha hadi tone la mwisho. Mwenye kibali cha kutumia maji naye anaona amelipia haki yake. Amelipa ada, sasa utamwambia afunge geti?

"Mbona mfereji umejaa na mpunga ulishavunwa?" nikauliza.

Mzee akanyoosha kidole. Kule mbele majaruba mawili matatu yalikuwa yamelowana, yamewekwa vitalu. Anayewahi kupanda huvuna mapema na kuuza bei ikiwa bado juu. Pia kuna bustani za nyanya na vitunguu. Na juu ya yote, akasema, vijiji vinavyopitiwa na mfereji vinachota humo humo maji ya kunywa na kupikia. "Sheria inasema maji ya nyumbani kwanza. Sasa mimi nikifunga, nimewanyima watu maji ya kunywa." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeshinda hoja hiyo mara nyingi. Mfereji mzima wa maji, wazi juani, ili watu wajaze madumu. Inchi mbili za bomba zingewatosha, na mto ungeachiwa kilichobaki. Nikalisema. Akaniuliza nani atalipa bomba.

Mabanio ya mto mmoja, aliniambia, mwaka ukiwa mbaya hukubaliana zamu: siku kadhaa wa juu, siku kadhaa wa chini. Zamu inashikika pale wa juu na wa chini wanapofahamiana kwa sura. Ikipita hapo, kwa mtu wa bonde lingine au wa wilaya nyingine, hakuna anayeamka usiku kumfungulia geti asiyemjua.

Nimelala Rujewa. Bomba la nyumba ya wageni linaanza kutoa maji saa mbili asubuhi, na ni kwa muda wa saa mbili tu.

Jumanne, Rujewa

Ukimtajia kijana wa leo neno Ihefu atakuambia habari za mpira: timu ya Mbarali iliyoifunga Yanga 2-1 mwezi wa Novemba 2022 na kuikatia mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Timu yenyewe imeshahama, siku hizi ni Singida Black Stars. Ihefu ya kweli ni ardhioevu iliyoko kaskazini mwa hapa, ambako mito yote ya Usangu, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe, hukusanyika na kujaa kama sahani, kisha kumwagika kwenye mdomo mmoja wa mwamba panapoitwa Ng'iriama. Fundi yeyote angelielewa: ni tangi lenye tundu la kutolea maji likiwa juu. Maji yakishuka chini ya tundu, tangi bado lina maji, lakini bomba limekauka. Ndivyo Ruaha unavyokatika. Kila mita ya maji inayochukuliwa huku juu kiangazi inaharakisha siku ile ambayo sahani haimwagiki tena.

Sikuweza kwenda. Ihefu iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu 2008, pale lililokuwa Pori la Akiba la Usangu lilipounganishwa na hifadhi ikazidi kilomita za mraba 20,000.

Kwa muuza chai nilikaa na mtu mzima mmoja ambaye ndugu zake walikuwa wafugaji huko ndani. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani, bwawa la umeme la Mtera limekauka, umeme wa mgao, na serikali ikaamuru mifugo itoke Ihefu. Ng'ombe walisombwa kwa maelfu, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani. "Walituambia ng'ombe ndio wamekunywa mto," akasema. Akakoroga chai muda mrefu bila sukari kuwamo. "Haya, ng'ombe wameondoka. Mto umerudi?"

Haukurudi. Sisemi ng'ombe hawana madhara. Maelfu ya kwato kwenye ardhi mbichi si jambo dogo. Lakini nimeona banio lile jana, na ninajua tofauti ya ng'ombe anayekunywa na geti la chuma lililo wazi usiku na mchana. Ng'ombe ni rahisi kuhamisha. Geti lina kibali, lina wenyewe, na lina mchele ambao Dar es Salaam inausubiri.

Jumatano, Iringa

Basi lilivuka Mbarali pale Igawa asubuhi. Nilisimama kwenye ngazi ya mlango nione. Maji yapo, yanatiririka. Sasa ninajua yanatiririka kwenda wapi.

Iringa ina rafiki yangu tuliyesoma naye VETA. Mimi nilibaki na spana, yeye akaendelea na vyuo, sasa ni mtu wa makaratasi ya vibali vya maji. Tulikula ugali kwa samaki Ipogolo, karibu na daraja la Ruaha Mdogo, mto ambao Iringa mjini inaunywa kutoka chanzo cha Ndiuka. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji makao yake ni mji huu. Bonde lenyewe ni moja kati ya tisa ambayo nchi imegawanywa kwayo, na ni kubwa: zaidi ya kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara.

Nilimwomba anieleze sera kama anavyomweleza mtoto. Akaanzia mbali. Mwaka 1971 serikali ilipanga mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila Mtanzania awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na vijijini yalikuwa bure. Ilipofika 1991 wengi hawakuwa nayo, na pampu nyingi zilizofungwa zilikuwa zimekufa kwa kukosa dizeli na vipuri. Ndipo ikaja sera ya kwanza ya maji, na baada yake Sera ya Taifa ya Maji ya 2002, inayosema watumiaji wamiliki mradi wao na wachangie gharama. Mita 400 zilibaki zilezile. Zikaongezwa namba nyingine: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ikafuata 2009, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 ndiyo iliyozaa RUWASA, wakala wa maji wa vijijini. Kaulimbiu ni kumtua mama ndoo kichwani.

"Na mpangilio wa nani anywe kwanza?"

"Binadamu kwanza," akasema, anakunja kidole. "Cha pili mazingira. Mto wenyewe ubakiziwe maji yake. Halafu ndio umwagiliaji, umeme, viwanda."

"Mto ni wa pili?"

"Kwenye karatasi ni wa pili."

Nikamsimulia geti la Chimala. Hakushangaa hata kidogo. Tatizo, akasema, ni kipimo. Kibali kinaandikwa lita kwa sekunde. Masika mto una maji tele, lita zako hazimuumizi mtu. Kiangazi lita hizohizo zinaweza kuwa mto wote, na karatasi ni ileile. Anayepaswa kusimama pale na kufunga geti ni mtu mmoja mwenye pikipiki moja na mito mingi, na mafuta ya pikipiki huja yakija. Jumuiya za watumia maji zimeundwa ili wenyeji wajisimamie, na baadhi zinafanya kazi vizuri kabisa. "Lakini jumuiya ni ya kijito. Mto Ruaha Mkuu hauna mwenyekiti."

Nilitaka kulipa, akakataa. Yeye ndiye mwenyeji.

Alhamisi, Msembe

Walimu watatu walikodi gari kwenda hifadhini wakakosa mtu wa nne wa kuchangia. Tulitoka Iringa saa kumi na moja alfajiri, vumbi tupu, tukapita Tungamalenga kukiwa kumepambazuka.

Sijui nilitarajia nini. Nilikuwa nimeambiwa tangu Chimala kwamba mto umekatika, lakini kusikia na kuona ni vitu viwili. Karibu na Msembe, makao makuu ya hifadhi, tulisimama ukingoni. Ni mto mpana, ungehitaji pumzi kuuvuka kwa kuogelea, na ndani yake hakuna kitu. Mchanga mweupe umekunjana kwa alama za maji yaliyopita miezi kadhaa nyuma. Juu ya mchanga, nyayo. Tembo jike alikuwa amesimama katikati ya mto, anachimba kwa mguu wa mbele, polepole, kama mtu anayetafuta bomba lililofukiwa. Shimo lilipofika kina cha goti lake aliingiza mkonga, akasubiri. Nilihesabu hadi arobaini. Akanyonya, akatema ya kwanza pembeni, yenye tope, kisha akaanza kunywa. Mtoto wake alijaribu kusukumiza kichwa, akaambiwa ngoja kwa kigoti cha ubavuni. Nyuma yao swala wamepanga foleni, na nyuma ya swala nyani. Nimeona foleni za visima vingi, ila ile ndiyo ya kwanza kuona isiyo na anayeruka mstari.

Mbele kidogo kilibaki kidimbwi. Viboko wamejazana humo kama viazi kwenye gunia, migongo imekauka na kupasuka, maji yenyewe ni uji wa kijani. Mwalimu mmoja aliziba pua akarudi garini. Mwingine alipiga picha kisha akaifuta.

Hapa mto umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu 1993. Kabla ya hapo, kwa kawaida, ulipungua tu, haukukatika. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi akiwa London kwamba ifikapo 2010 Ruaha utatiririka mwaka mzima. Mimi sina ugomvi na ahadi. Hata mimi huwaambia wateja nitakuja kesho. Ila tangu Matamba sijakutana na mtu aliyewahi kuisikia ahadi ile, na ni wao wenye mageti.

Kwenye ile orodha ya rafiki yangu, hapa ndipo kidole cha pili.

Ijumaa, Idodi

Pancha mbili. Spea moja. Tumefika Iringa usiku, sina la kuandika.

Jumamosi, Mtera

Barabara ya Iringa kwenda Dodoma siku hizi ni lami, unateremka kutoka kwenye ubaridi hadi kwenye mibuyu bila hata kumwaga chai. Mtera nilishuka kwa makusudi, nikala perege wa kukaanga chini ya turubai. Bwawa likijaa ni bahari ndogo, zaidi ya kilomita za mraba 600. Leo maji yamerudi nyuma, yameacha ukanda mrefu wa tope lililokauka na visiki vya miti iliyozamishwa wakati wa ujenzi, mwaka 1980. Mkaanga samaki alinionyesha kisiki kimoja. Masika, akasema, hicho hakionekani.

Kipimo cha hapa kila mtu wa umri wangu anakijua, maana kilisomwa redioni kama matokeo ya mpira. Likijaa, mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Likishuka hadi 690, mashine zinatakiwa zisimame. Mtera yenyewe inatoa megawati 80, lakini kazi yake kubwa ni kulitunzia maji bwawa la Kidatu huko chini lenye megawati 204. Mwaka 2006 nilikuwa bado najifunza kazi. Tulikuwa tunakata mabomba kwa msumeno wa mkono kwa sababu umeme hakuna. Kashfa ya Richmond iliyozaliwa na mgao ule haihitaji kusimuliwa. Siku hizi kuna bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, hivyo Mtera haibebi tena nchi peke yake.

Jambo moja limenisumbua tangu Rujewa. Walioondolewa Ihefu waliondolewa kwa jina la Mtera. Lakini bwawa kama hili hujazwa na mafuriko ya masika, na yale maji kidogo ya kiangazi yanayogombaniwa Usangu ni tone kwenye pipa hili. Wataalamu walishaeleza pia kwamba kukauka kwa Mtera mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulitokana kwa sehemu kubwa na jinsi maji yalivyokuwa yakifunguliwa mengi kutoka bwawani kuliko yanavyoingia. Kwa lugha ya kazini kwangu: mwenye nyumba aliacha koki wazi, akaenda kumlaumu jirani wa juu. Aliyetoka Ihefu na ng'ombe wake hakuwa na mtu wa kumsomea takwimu hizo.

Basi la jioni. Dodoma saa tatu usiku, joto, vumbi, nyumbani.

Jumapili, Dodoma

Maji ya Ruaha hayafiki kwenye bomba langu. Jiji hili kwa sehemu kubwa linakunywa visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Na visima vile vina tabia yao. Kumbukumbu za vina vya maji za miaka 55 zimeonyesha kwamba maji ya ardhini ya pale hayajazwi kila mwaka. Yanashuka miaka na miaka, halafu inakuja masika moja isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, inayajaza, kisha yanaanza tena kushuka. Tunaishi kwa akiba ya mvua chache kubwa. Juu ya akiba hiyo serikali ilihamia 2016, na sensa ya 2022 ikatukuta watu 765,179. Kuna mipango, bwawa la Farkwa, maji ya Ziwa Victoria, na nitafurahi kuyafunga mabomba hayo nikiwa hai.

Leo ndiyo zamu ya mtaa wa chini. Nilifika kwa mama wa vitumbua saa mbili usiku na begi langu la vifaa. Ndoo sita zimepangwa, dumu mbili, na sufuria ya kupikia wali, zote tupu. Akafungua bomba. Likakohoa, likatema kikombe kimoja cha maji ya kutu, likaanza kupuliza. Nikamulika mita: sindano inazunguka vizuri kabisa, inahesabu upepo, na mwisho wa mwezi ataulipia.

Nikafungua nati, nikaangalia chujio, safi. Bomba la kuingilia halijaziba. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Halikuwa linapuliza tena. Lilikuwa linanyonya. Ngozi ya kiganja ilivutwa ndani kama mtoto anavyovuta ziwa.

"Umeona kosa, fundi?"

Nikamwomba azime redio. Mtaa ulikuwa kimya, na kutoka juu, nyuma ya ukuta, kulikuwa na mngurumo mdogo usiokatika. Pampu ya hosipawa moja. Najua kwamba ni hosipawa moja kwa sababu niliichagua mimi dukani, nikaifunga mimi mwezi uliopita moja kwa moja kwenye bomba la mtaa kabla ya tangi, kwa nipo za shaba na tepu mizunguko kumi na miwili, haivuji hata tone. Mwenye nyumba alifurahi sana, akaniongezea elfu ishirini juu ya makubaliano. Ndiyo iliyolipa kona 57, na samaki wa Mtera.

Nikamwambia mama asifunge bomba, nikachukua tochi na spana paipu, nikapanda mtaa kwa miguu nikihesabu mageti. La tano lilikuwa na taa. Nikabonyeza kengele.